Muhuri wa Kesho

Inspekta Kobe alikuwa mwoga, na wala hakuficha. Wenzake kituoni walimbandika jina hilo kwa sababu mlango ukibamizwa tu, shingo yake ilizama mabegani na kikabaki kipara peke yake. Hata hivyo wakubwa hawakuthubutu kumstaafisha, maana uoga wake ulikuwa umekamata wahalifu wengi kuliko bunduki zote za ghalani. Inasimuliwa kwamba siku moja risasi zililia sokoni, naye akakimbilia ndani ya kabati kwenye duka la samani. Majambazi watatu wakaja kujificha kabati lilelile, mmoja baada ya mwingine, na yeye akawa anawatia pingu gizani kadiri walivyoingia. Wa nne, wanasema, alibisha hodi kwanza akauliza kama kuna nafasi.

Siri yake ilikuwa tumbo. Hatari ilipokaribia, tumbo lilinguruma kabla kichwa hakijajua kwa nini. Na Ijumaa ile, saa nane na robo mchana, lilikuwa linanguruma tangu alipokanyaga ngazi ya kwanza ya lile jengo, likapanda naye hadi ghorofa ya pili.

Korido ya ghorofa ya pili ilikuwa nyembamba, ina ndoo ya mchanga wa kuzimia moto na milango miwili inayotazamana. Mlango wa kushoto ulikuwa wa wakili mmoja mzee, kamishna wa viapo, ambaye kwa miaka mingi kila mwenye safari alimpelekea vyeti vyake: cha kuzaliwa, cha shule, cha ndoa. Mzee alitazama hati halisi, akatazama nakala, akagonga muhuri na kutia saini kwamba hii ni nakala sahihi ya ile. Bila saini ya mtu kama yeye, ubalozi haukupokelei hata bahasha. Mlango wa kulia ulikuwa wa wakala wa safari, mwanamume wa suti na marashi, aliyeitwa Bwana Ndege kwa sababu alimwambia kila mteja, "Utaruka tu." Ndani mwake redio ilikuwa inafoka matangazo ya sabuni kwa sauti ya kuamsha wafu.

Wakili alikuwa ametoweka. Hiyo ndiyo kesi yote. Alikuwa mgane, anaishi peke yake, kwa hiyo hakuna aliyejua kama alilala nyumbani au la. Mtu wa mwisho kumwona alikuwa Bwana Ndege. Maelezo yake yalikuwa safi: Jumatano tarehe kumi na nne, saa moja na nusu asubuhi, kabla karani hajafika, wakili alimgongea nakala kumi na mbili za wateja wake, kisha akasema anakwenda kupumzika kwa wakwe zake. Nakala zenyewe zilikuwepo. Kila moja ilikuwa na muhuri wa tarehe kumi na nne, na saini Kobe aliilinganisha mwenyewe kwa kioo cha kukuzia. Ilikuwa ya mzee, haina shaka. Na kuanzia saa mbili ya Jumatano ileile Bwana Ndege alikuwa ubalozini na wateja sita hadi jioni, jina lake limo kwenye kitabu cha wageni. Basi Kobe akamfuta kwenye orodha ya washukiwa. Askari wake wawili aliwatuma stendi ya mabasi, ambako kondakta mmoja alisema anakumbuka mzee mwenye kofia ya pama.

Alisukuma mlango wa kushoto.

"Umemleta?" aliuliza Bi Karani kabla hata ya salamu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mpana, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Macho yalikuwa mekundu.

"Bado, dada."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Kukaa kidogo. Ngazi zenu ni ndefu."

Kwenye benchi la wateja alikaa msichana aliyekumbatia bahasha ya kaki. Alikuwa muuguzi aliyepata kazi hospitali ya ng'ambo. Tangu Jumatano alikuwa anakuja, anakaa, anaondoka. Mwisho wa kupeleka maombi yake ya viza ulikuwa Jumatatu.

"Mwanangu," Kobe alimwambia, "mawakili ni wengi mtaani. Mbona unamng'ang'ania huyu?"

"Ndiye aliyegongea vyeti vya mama yangu, shikamoo Afande," alisema muuguzi. "Halafu huyu anasoma. Wengine wanagonga tu kama wanaua mbu."

"Marahaba. Na huyo jirani hajakuita?"

"Ameniita sasa hivi. Anasema kama nataka msaada wake ni leo, kesho hayupo. Anafunga saa tisa, anasafiri. Sanduku lake kubwa liko pale mlangoni."

Tumbo la Kobe liligeuka. Aliliwekea kiganja juu, kama mtu anayetuliza mbwa.

"Hebu nionyeshe tena ile kadi ya dawa, dada."

Bi Karani alifungua kabati. Ndani ya mlango ilibandikwa kadi yenye vyumba vidogo. Mzee alikuwa na kisukari. Asubuhi alijidunga insulini nyumbani, na jioni, saa kumi na mbili kamili, alijidunga hapa ofisini kabla ya kushuka ngazi, akaweka tiki kwa kalamu nyekundu. Kulikuwa na tiki ya Jumatatu jioni. Jumanne jioni palikuwa peupe.

"Ile siku ya kwanza nilidhani alisahau," alisema Kobe.

"Mzee asahau? Huyo anakumbuka hata mwaka nilioazima kalamu yake."

"Nilidhani hivyo kwa sababu muhuri unamwonyesha Jumatano asubuhi yuko hapa, mzima, anasaini."

"Mimi sijui muhuri umekuonyesha nini," alisema Bi Karani. "Najua kichupa kimoja kiko kwenye friji hii, na cha nyumbani umekiona mwenyewe mezani kwake. Leo ni siku ya tatu, kaka. Mtu wa insulini siku tatu bila insulini ni nani? Mwulize huyu."

Kobe alimtazama muuguzi. Muuguzi alitazama bahasha yake.

"Akipata maji, anaweza kuwa hai," alisema polepole. "Lakini kila saa inahesabika. Leo jioni nisingeisubiri."

Ng'ambo ya korido redio iliwasihi akina mama wajaribu sabuni mpya. Kobe, kwa kukosa pa kuweka mikono, alichukua muhuri uliokuwa mezani. Ulikuwa wa kizamani, wa mpini wa mbao, wenye magurudumu madogo ya mpira ya kubadilishia siku, mwezi na mwaka. Aliugeuza chini juu. Akasoma. Akasoma tena.

"Dada. Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na sita."

"Mbona huu uko kumi na nne?"

"Sijaugusa. Tangu Mzee apotee sijaugusa. Nimeuacha nilivyouacha Jumanne nilipokuwa nafunga."

Shingo ya Kobe ilianza kuzama. Aliongea kwa sauti ndogo, kama vile muhuri ungeweza kushtuka ukaruka.

"Jumanne ilikuwa tarehe kumi na tatu. Uliuachaje kumi na nne?"

"Sasa na wewe! Kila jioni saa kumi na moja, kabla sijachukua mkoba, naupeleka mbele. Asubuhi watu wanakuja kwa fujo, mkono unasahau. Mwaka wa kwanza nilisahau, tukagonga watu arobaini tarehe ya jana, wakarudishwa wote ubalozini wakaja kunililia hapa. Tangu siku hiyo, nikiondoka mimi, muhuri unalala na tarehe ya kesho."

"Na Mzee anajua?"

"Mzee haangalii tarehe. Daima ananiambia, 'Mwanangu, tarehe ni kazi yako, saini ni kazi yangu.' Na hata akibaki hapa mpaka saa kumi na mbili, mimi nikishaondoka hagongi tena. Labda mtu ambembeleze sana."

"Kwa nini hukuniambia hili?"

"Hukuuliza! Uliuliza saini."

Kobe alikaa kwenye kiti cha wakili, jambo ambalo Bi Karani asingemruhusu siku nyingine. Alihesabu kwa vidole. Jumanne saa kumi na moja karani anaondoka, muhuri tayari unasema Jumatano. Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili mtu anaingia na nakala kumi na mbili, anambembeleza mzee, mzee anagonga. Saa kumi na mbili mzee hajidungi dawa. Kadi ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo, na yeye, mtu mzima na kioo chake cha kukuzia, aliusikiliza muhuri. Mzee hakuondoka Jumatano asubuhi kwenda kwa wakwe. Hakuiona Jumatano asubuhi. Na aliyesema amemwona alikuwa upande wa pili wa korido, amefungasha sanduku.

"Hiyo redio," alisema, "siku zote inalia hivi?"

"Tangu Jumatano. Jumatano yenyewe mwenyewe hayupo kutwa, mlango umefungwa, redio inalia ndani peke yake. Nilikwenda nikautukana mlango."

"Nani anaachia chumba kitupu redio?"

Muuguzi alikuwa ameacha kukumbatia bahasha, alikuwa ameikunja.

"Mle ndani kuna chumba kingine?"

"Kuna stoo," alisema Bi Karani, na mkono ukapanda mdomoni. "Zamani ilikuwa yetu, ya majalada. Mlango wake uko nyuma ya lile shuka jeupe analopigia picha za pasipoti."

Kobe alipiga simu stendi. Sajini alisema wamempata mzee wa kofia ya pama, anauza miwa, hajawahi kuwa wakili. "Rudini haraka." "Dakika arobaini, Afande, foleni haisogei." Akapiga kwa hakimu kuomba hati ya upekuzi. Hakimu yuko kwenye kesi, simu anayo karani wake, na karani wake anakula. Saa ya ukutani ilisema nane na nusu. Bila hati hakuwa na ruhusa ya kugusa shuka la mtu, sembuse mlango. Isipokuwa asikie kwa masikio yake kwamba mtu yumo ndani, hatarini. Hapo sheria ilimruhusu kuvunja hata ukuta.

"Mzee akiwa hai mle, amefungwa mdomo," alisema. "Angefanya nini?"

Bi Karani alifikiri. Kisha aliinua ngumi na kugonga meza: mara mbili polepole, mara moja kwa nguvu. Ko, ko... *kop!*

"Mara mbili kwenye pedi ya wino, mara moja kwenye karatasi. Miaka ishirini na miwili nasikia hivyo kutoka meza hii. Nyumbani nikikata vitunguu mkono wangu unafuata. Hata akiwaza, anagonga hivyo kwa kidole. Hajui kama anagonga."

"Swichi kuu ya umeme iko wapi?"

"Koridoni, juu ya ndoo ya mchanga."

"Saa tisa kasorobo kamili uizime. Kamili, dada, siyo kasoro wala zaidi. Na wewe mwanangu piga simu gari la wagonjwa, kisha kaa hapahapa."

"Na wewe?" aliuliza Bi Karani.

Kobe alisimama. Alijifuta kipara. Tumbo lilikuwa linanguruma kiasi kwamba muuguzi aliangalia chini ya meza akidhani kuna paka.

"Mimi," alisema, "nakwenda kupiga picha ya pasipoti."

*

Ofisi ya Bwana Ndege ilikuwa na pazia zito dirishani, meza, mashine ya fotokopi, taa mbili za kupigia picha zenye miguu mirefu, na ukutani shuka jeupe limening'inia kutoka darini hadi sakafuni. Mbele ya shuka kulikuwa na stuli. Sanduku lilisimama kando ya mlango, limefungwa mkanda.

"Inspekta!" Bwana Ndege alipiga kelele ili ashinde redio. "Mmempata mzee wetu?"

"Tunafuatilia stendi!"

"Mungu atasaidia. Nikusaidie nini?"

"Picha! Ya pasipoti! Shemeji yangu yuko ng'ambo, mke wangu hanipi usingizi!"

"Basi hata wewe utaruka!" Alicheka, akatazama saa ukutani. Ilikuwa imebaki dakika tisa kufika kasorobo. "Nafunga sasa hivi, lakini kwako ni dakika mbili. Kaa pale."

Kobe alikaa kwenye stuli. Shuka lilimgusa mgongoni, na nywele chache alizokuwa nazo zikasimama. Bwana Ndege alipita mbele yake, akarudishia mlango wa korido bila kutia ufunguo, akarudi na kamera.

"Kaza shingo, Inspekta. Ubalozi unataka kuona shingo."

"Hii ndiyo shingo yangu."

"Ivute! Na masikio yote mawili. Usitabasamu."

"Sitabasamu."

"Mbona unatikisika? Picha itatoka na ukungu."

"Nina baridi."

"Baridi, na jasho hilo?"

Taa ilimulika. Kobe alifumba macho. Mara ya pili alifumba tena, mara ya tatu alipiga chafya, na zote tatu hazikuwa hila; ulikuwa uoga mtupu, nao ulikuwa unakula dakika kama alivyotaka. Bwana Ndege alianza kuchoka. Tabasamu lilikuwa limeganda kama gundi.

"Inspekta, nina safari."

"Piga ya mwisho. Na wateja wako nao wanasafiri leo?"

"Tunaruka wote usiku."

"Wale wenye nakala kumi na mbili?"

"Haohao."

"Ni wateja sita. Vyeti viwili kila mmoja, sivyo? Mzee alitaka kuona vyote halisi?"

Mkono wa Bwana Ndege ulisimama juu ya kamera. "Mzee," alisema, "anapenda sana kuona vitu halisi."

Mshale mrefu wa saa uligusa namba tisa: kasorobo.

Kila kitu kilikufa kwa pamoja. Taa, mashine, na redio katikati ya neno. Kiza cha pazia kilishuka chumbani, na baada yake ukimya, mnene kiasi kwamba Kobe alisikia wino ukikauka. Bwana Ndege akaanza kuongea palepale, haraka, kwa sauti kubwa.

"Umeme huu! Kila siku! Mtu analipa kodi, analipa, halafu—"

Alivuta pumzi. Na katika pumzi hiyo moja, mgongoni mwa Kobe, nyuma ya shuka, ikasikika.

Ko, ko... *kop.*

Hafifu. Kama mtu anayegonga kwa mfupa wa kidole na hana nyama ya kutosha. Kisha tena, polepole zaidi: ko... ko...

Ya tatu haikuja.

Walitazamana kizani, mmoja kwenye stuli, mmoja kati ya stuli na mlango.

"Panya," alisema Bwana Ndege.

"Panya anayejua kuhesabu," alisema Kobe, na akashangaa, maana sauti ilitoka bila kumwomba ruhusa.

Bwana Ndege aliweka kamera mezani taratibu, kama yai. Mkono wake wa kulia uliporudi ulikuwa na kisu cha kukatia picha, kirefu, chembamba, cha wembe. Mkono wa kushoto alijiegemeza ukingoni mwa meza.

"Alishagonga zote, akawa anazipitia tena," alisema kwa upole wa kutisha. "Vyeti viwili vina namba moja. Nani anaangalia namba? Mzee akaangalia. Akasema anawapigia polisi. Nikamwambia baba, funga macho mara moja tu. Akasema, macho ndiyo kazi yake."

"Mfungulie. Mgonjwa yule. Anakufa."

"Mikate nimempa. Mtu atamsikia Jumatatu. Mimi nitakuwa mbali." Alipiga hatua. "Wewe tatizo lako, Inspekta, ulikuwa umeshaniamini."

Kobe alifanya alichofanya maisha yake yote: alijificha. Alijitupa nyuma kwenye shuka, akalikumbatia, na shuka likang'oka darini pamoja na fimbo yake na vumbi la miaka kumi, likamfunika gubigubi. Kisu kilishuka kikachana kitambaa upana wa dole gumba kutoka sikioni. Kobe alipiga ukelele ambao fundi viatu wa chini barabarani bado anausimulia. Anasema alidhani ni gari la zimamoto.

Mlango wa korido ulikuwa umefunguliwa, ila hakuna aliyeusikia. Bi Karani alikuwa amezima umeme sawasawa na alivyoambiwa, na kukaa nje hakuna aliyemwambia. Alikuwa amebeba mashine ya chuma ya kuminyia muhuri mkavu, ile inayoacha duara la kuinuka kwenye karatasi, kilo sita, yenye mpini kama wa pampu. Aliona shuka linatapatapa sakafuni, aliona kisu kinapanda tena, na aliona mkono wa kushoto wa Bwana Ndege umeegemea ukingo wa meza, vidole vimetanda. Hakupiga, kwa kuwa kupiga hakukuwa kazi yake. Alifanya anachokijua. Alitia kidole kidogo cha mkono huo katikati ya taya za mashine, akaegemea mpini kwa uzito wake wote.

Wanasema mpaka leo kidole hicho kina duara, na ukikiweka juani unaweza kusoma "KAMISHNA WA VIAPO" kuzunguka kucha.

Kisu kilianguka. Kobe, bado ndani ya shuka, alikikalia. Pingu alizifunga bila kuona, gizani, kama alivyozoea.

"Umenitoboa!" alifoka Bwana Ndege.

"Nimekuthibitisha," alisema Bi Karani, akakaa juu ya sanduku. "Funguo, kaka. Mfukoni mwake. Upesi!"

Kufuli lilikuwa jipya. Kobe alilikosa mara mbili kwa kutetemeka. Mara ya tatu muuguzi, aliyekuwa amekuja mbio, alimpokonya ufunguo akafungua mwenyewe.

Mzee alikuwa amelala kwenye maboksi ya karatasi, amefungwa miguu na mikono kwenye bomba, kitambaa mdomoni. Pembeni kulikuwa na jagi la maji, kitambaa kimelowa mpaka shingoni alivyojaribu kuyanywa, na mikate mitatu haijaguswa. Mfupa wa kidole chake cha shahada ulikuwa umechubuka hadi damu. Ukutani palikuwa na alama nyekundu nyingi, ndogo, tatu tatu.

Muuguzi alifungua kitambaa, akaweka sikio, akanusa pumzi. Uso ulimbadilika.

"Inanukia tunda lililooza. Sukari imepanda sana."

"Dawa ipo kwenye friji!" Bi Karani alishaanza kukimbia.

"Hapana, mama. Sidungi kitu bila kumpima. Hospitali, sasa hivi." Alimlowesha mzee midomo kwa ncha ya kitambaa safi. "Babu. Babu, unanisikia?"

Jicho moja lilifunguka nusu. Lilimtafuta msichana, likapita, likatua kwenye bahasha aliyokuwa bado ameikwapa.

"Halisi..." alisema mzee, sauti kama karatasi. "Umeleta... halisi?"

"Nimeleta zote, babu."

Jicho likafumba.

*

Gari la wagonjwa liliondoka na mzee na muuguzi pamoja. Alikataa kushuka, alisema mkono wa mzee umeshika wake na haachi. Sajini alifika na askari baada ya dakika hamsini, wakambeba Bwana Ndege, sanduku na hati kumi na mbili. Hakimu alipiga simu kusema hati ya upekuzi iko tayari. Kobe alimshukuru sana.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano alimkuta Bi Karani ofisini, mkoba begani, amesimama mbele ya meza. Bahasha ya kaki aliyomwachia muuguzi ilikuwa juu ya meza, mpindo ule wa mchana umetulia katikati.

"Binti amepiga simu," alisema bila kugeuka. "Mzee yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari anasema wamemwekea maji na dawa kidogo kidogo. Anasema tusubiri usiku upite. Akiuvuka usiku huu, amepona."

"Na binti?"

"Anasema hizi hagongewi na mtu mwingine. Jumamosi tunafungua nusu siku, anasema. Jumatatu ndiyo mwisho. Mzee atasaini kitandani."

"Ataweza?"

"Mkono wa kusaini siyo ule uliochubuka."

Kando ya bahasha, muhuri ulilala na tarehe kumi na nne. Bi Karani aliunyanyua. Alizungusha gurudumu mara moja: kumi na tano. Mara ya pili: kumi na sita. Hapo dole gumba likagoma. Saa ya ukutani iligonga kumi na moja, na yeye alisimama tu, mwanamke aliyemminya jambazi kidole mchana kweupe, midomo inamtetemeka mbele ya kigurudumu cha mpira kisichozidi punje ya mahindi.

"Miaka ishirini na miwili," alisema. "Sijawahi kujiuliza kama kesho itakuja. Naipeleka tu." Alimnyooshea muhuri. "Zungusha wewe, kaka. Mimi naogopa."

Kobe aliupokea. Shingo yake ilikuwa bado imezama, kola imelowa. Alisikiliza tumbo lake kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtu. Alisubiri. Nje mtu alishuka ngazi akipiga mluzi.

Tumbo lilikuwa kimya.

Akaweka dole gumba kwenye gurudumu, akalisukuma: kumi na saba. Kisha akaugonga juu ya pedi, mara mbili polepole, na pembeni mwa ile bahasha ya kaki, mara moja kwa nguvu.